Ama Ndugu Zetu wa Bondeni, Hamjambo?

Ipo nchi moja, jina lake nisiwasumbue nalo maana wenyewe hulibadilisha kila wakipata Mtukufu mpya, ambako watu wana adabu kupita kiasi. Ukipishana na mtu anakimbilia zahanati na kisu mgongoni, huulizi kisu kwanza. Unamwuliza habari za asubuhi, anakwambia nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunamshukuru Mungu. Ndipo anaposema, "Ila kuna kisu hapa mgongoni." Na wewe unasema, "Lo, pole sana." Jema hutangulia, baya huja nyuma limeinamisha kichwa kama mkwe.

Mimi na desturi hiyo hatuna ugomvi. Nyumba isiyo na salamu ni kaburi lenye mlango. Ninachotaka kuwaeleza ni jinsi serikali ya nchi hiyo, kwa mapenzi yake makubwa kwa raia, ilivyolichukua jambo hili la ukumbini kwetu ikalipeleka redioni, kwenye taarifa ya mwelekeo wa hali ya hewa ya mikoa yote kwa wiki inayofuata, msimu wa vuli.

Inasemekana, na mimi nasema yaliyosemwa, kwamba asubuhi moja Mtukufu alikuwa anakunywa chai kwa sambusa. Redio ikafunguliwa, na mtabiri wa siku hiyo, bila hata kubisha hodi, akasema: "Mvua kubwa zinatarajiwa." Mtukufu akapaliwa. Sambusa ikakwama. Madaktari walipigana nayo mpaka adhuhuri, na Mtukufu alipopata pumzi, neno lake la kwanza likawa: "Hata hakuniamkia!"

Nchi nzima iliona haya. Bunge likakaa haraka, likapitisha Sheria ya Kutanguliza Salamu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaunganishwa na Idara ya Itifaki, ikazaliwa Wizara ya Salamu, Itifaki na Hali ya Hewa. Wataalamu wa mawingu wakapelekwa semina ya kupiga magoti. Neno "mvua" nalo likaonekana lina ukali, wakaliweka pembeni, mahali pake pakakaa "baraka". Yule mtabiri sijui alikwenda wapi. Niliuliza, nikaambiwa hajambo.

Tangu hapo taarifa ikawa inaanza hivi: "Mtukufu Rais, Mama Mtukufu, Mama Mtukufu Mdogo, Waheshimiwa Mawaziri mliopo na mliosafiri, viongozi wastaafu na mnaotarajiwa kustaafishwa, viongozi wa dini zote na wa ile ambayo bado inasajiliwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Shikamooni. Hali ya hewa nchini ni njema." Baada ya hapo kila mkoa unaamkiwa kwanza, ndipo unaambiwa habari zake. Muda wa taarifa ulibaki dakika tano zile zile za zamani. Wizara haikuona sababu ya kuuongeza, maana mbingu nazo hazijaongezeka.

* * *

Sasa katika nchi hiyo kuna mkoa unaitwa Bondeni. Kwenye ardhi uko chini, na kwenye taarifa uko chini vile vile. Mikoa husomwa kwa heshima yake. Kwanza Nyanda za Juu, alikozaliwa Mtukufu. Halafu mkoa wa Mama Mtukufu, halafu wa Mama Mtukufu Mdogo. Halafu mikoa iliyojenga sanamu, halafu iliyoahidi kujenga. Bondeni sanamu ilitushinda. Tulimwaga msingi mara moja, ukazama.

Kwa hiyo zamu yetu ilikuwa ya mwisho, na kila jioni ilikuwa hivi. Mtabiri Mkuu, Daktari Hiza, anavuta pumzi na kusema: "Ama ndugu zetu wa Bondeni, hamjambo?" Nasi tunaitikia kwa pamoja: "Hatujambo!" Redio inalia piii. "Na sasa ni matangazo ya vifo."

Hiyo ndiyo hali ya hewa tuliyoijua sisi. Kwamba tumeulizwa.

Tulikuwa tukisikiliza kwa Bi Nyanzala, mwenye nyumba wangu. Nyumba ya udongo, bati juu, vyumba sita na watu ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Jioni mkeka unatandikwa, kahawa inachemka, na asiyekuja anasengenywa ili kesho aje. Barazani, juu ya kitanda cha kamba, alilala mama yake Bi Nyanzala, Bibi Mwantumu. Miguu yake ilikuwa imepooza, lakini ulimi ulikuwa kazini mchana kutwa. Ukipita bila kumwamkia, atautaja ukoo wako mpaka afike kwa babu aliyekula mbuzi wa matanga peke yake.

Jumapili hiyo tulikuwa tumejaa kama kawaida. Daktari Hiza akafika kwenye Nyanda za Juu, akawaamkia, wakaulizwa hali mpaka za punda wao, ndipo akasema: "Wiki hii mtapata baraka zisizo na kipimo, usiku na mchana." Watu wakapiga makofi kwa niaba ya Nyanda za Juu. Bi Nyanzala aliweka kikombe chini.

"Kitwana," akamwita mpangaji wa chumba cha mbele, fundi baiskeli. "Umesikia?"

"Nimesikia baraka, mama."

"Baraka za kule hukaa kule?"

Kitwana ni mtu wa masihara, ila hapo alikuna kidevu. Kila mtu Bondeni anajua. Baraka za Nyanda za Juu hutelemka na Mto Kirua, na zikifika kwetu zimeshakuwa matope yenye mbio. Miaka mingine hutufika magotini, tunaweka masufuria juu ya meza na maisha yanaendelea. Lakini baraka zisizo na kipimo hatukuwa tumewahi kuzipokea.

"Mimi nina miguu," akasema Bi Nyanzala. "Wewe una miguu. Mama yangu hana. Akichelewa kupanda mlima, njia ikishateleza hakuna atakayembeba. Huyu lazima aondoke hapa kabla ya maji, wallahi."

"Nani aondoke?" Bibi akauliza kutoka barazani. "Na kahawa sijaletewa?"

* * *

Asubuhi Bi Nyanzala alijifunga kanga, akaniomba nimsindikize kwa Mkuu wa Bonde, Mheshimiwa Ngalupa, ambaye ofisi yake, kwa nia ya kuwa karibu na wananchi wa Bondeni, ipo juu mlimani. Pembeni mwa ofisi ndipo ulipo Ukumbi wa Maafa. Jengo zuri la saruji, lina magodoro, mablanketi na masufuria makubwa, vyote vimo ndani ya nailoni visichakae. Ulijengwa kwa ajili yetu. Kufuli nalo lilifungwa kwa ajili yetu.

Mheshimiwa alitupokea vizuri. Tukaamkiana mpaka chai yake ikapoa, akaagiza nyingine. Ndipo Bi Nyanzala akaanza.

"Ila mto, Mheshimiwa. Tunaomba ukumbi ufunguliwe mapema. Nina mgonjwa hatembei."

"Mto umefanyaje?"

"Unapanda."

"Nani kasema?"

"Tumeuona."

"Aa, mama." Mheshimiwa alisikitika kama mwalimu aliyeangushwa na mwanafunzi aliyemtegemea. "Kuona si taarifa. Hata mimi naona mengi. Sheria inasema ukumbi utafunguliwa siku Redio ya Taifa itakapotangaza kwamba hali ya Bondeni si njema. Itangaze leo, nafungua leo, tena kwa mkono wangu."

"Redio haijawahi kufika Bondeni, Mheshimiwa. Ikifika kwetu muda umekwisha."

"Hilo ni suala la muda, na wewe umekuja na suala la maji. Usichanganye idara."

"Basi nimlete alale hapa nje kwenye nyasi. Godoro sitaki. Ukuta tu wa kumkinga upepo."

Mheshimiwa alitazama mlango, akashusha sauti. "Alale nje ya ukumbi uliofungwa? Watu wapite wamwone? Mama yako atakuwa ametangaza hali mbaya kabla ya redio! Hilo ni kosa la Kuikatiza Serikali Salamu. Kifungo miezi sita, na kwa umri wake sina hakika kama ataimaliza."

"Kifungo cha wapi?"

"Gereza letu la hapa hapa mlimani."

Nikamwona Bi Nyanzala anapiga hesabu. "Lina paa?"

"Lina paa zuri sana."

"Nikimleta leo mchana, atafungwa leo?"

"Hapana, mama. Lazima ashtakiwe, na mahakama ina salamu zake. Kesi za sasa zinasikilizwa mwezi ujao."

"Nikiomba kwa magoti?"

Akapiga magoti kweli, mwanamke mzima, kanga imeshika vumbi. Mheshimiwa akafurahi, akadhani anaamkiwa upya. "Marahaba, marahaba! Inuka, mama. Hili lako nitalifikisha juu."

* * *

Na alilifikisha, tusimsingizie.

Jumatatu jioni nyumba ilifurika. Habari zilishatangaa kwamba kilio cha Bondeni kimepokelewa, watu wakaja na vigoda vyao kutoka hadi ng'ambo ya soko. Kwenye ukuta wa nyuma siafu walikuwa wanapanda mstari mnene kuelekea kwenye bati, wanahama na mayai yao, wala hawakuwa wamesubiri redio. Choo cha jirani kilikuwa kimeshaingiwa na maji, jirani akasema ni afadhali, atapumzika kukisafisha.

"Nyamazeni!" Kitwana akasema. "Zamu yetu."

"Serikali sikivu," ikasema redio, "imesikia malalamiko ya ndugu zetu wa Bondeni kwamba salamu wanazopewa hazitoshi. Kuanzia leo dosari hiyo imerekebishwa. Ama ndugu zetu wa Bondeni, hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Habari za tangu jana?"

"Nzuri!"

"Watoto wanasoma?"

"Wanasoma!"

"Kuku wanataga?"

"Wanaogelea!" akajibu Kitwana. Watu wakaangua kicheko, mzee mmoja akamwagikiwa kahawa kifuani. Bi Nyanzala peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye redio kama mtu anayempulizia mtoto chakula cha moto.

"Na wazee wetu hawajambo?"

"Hatujambo, mwanangu Hiza!" Bibi akaitika kwa nguvu. Daktari Hiza alikuwa kama mtoto wa nyumba ile. Alipokuwa anasoma shule ya Bondeni alikula ugali wa Bibi mpaka akamaliza, na hadi leo Bibi huongea na redio kama anaongea na yeye.

Hiza akaanza kusema mbio mbio. "Basi ndugu zangu wa Bondeni, hali yenu kwa wiki hii, nawaomba sana msikilize, hali yenu ni njema, ila..."

Piii. "Na sasa ni matangazo ya vifo."

Watu waliruka kwa furaha. Hatukuwa tumewahi kufika mbali kiasi kile. "Mmesikia? Tumefika kwenye ila!" "Kesho tutavuka!" Kina mama wakapiga vigelegele. Bi Nyanzala akazunguka mkekani, anawashika watu mikono mmoja mmoja.

"Jamani, hiyo ila ni ya mvua. Nani atanisaidia kumbeba mama sasa hivi? Wanatosha watu wanne. Tutamlaza popote. Wakitufunga watufunge."

"Mimi hapa," akasema Kitwana. "Nashika upande wa kichwa."

Mwingine hakutokea. Hawakuwa watu wabaya, nawajua wote kwa majina na madeni. Walisema, "Subira, Bi Nyanzala. Kesho redio itasema lote, ukumbi utafunguliwa, tutambeba kwa heshima, na ngoma mbele. Kwa nini tumvunjie Bibi heshima kwa kumkimbiza kama mzigo wa wizi?" Na Bibi mwenyewe akasema hawezi kuingia mlimani bila kualikwa.

Bi Nyanzala akakaa chini pale pale barazani, akaweka kichwa chake kwenye miguu ya mama yake, ile isiyosikia kitu.

* * *

Siku ya pili yake, mchana, mtu alionekana anakuja kutoka barabara kuu, suti imeloa, viatu mkononi. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Kule Nyanda za Juu mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya matanga.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ile tuliitambua kabla ya uso. Nyumba nzima ikatoka. "Hiza! Sauti yetu! Karibu, karibu!" Watoto wakamgusa koti kuhakikisha. Daktari Hiza alikuwa anahema. Alikuwa amedandia lori la mkaa kutoka jiji kuu, maana simu za wizara hupokelewa baada ya salamu za kuimba, naye alishakata tamaa. Akaja upesi mpaka kitandani, akainama.

"Shikamoo Bibi. Bibi, sikilizeni..."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Bibi. Mto..."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Bibi, huko juu..."

"Na dada yako, yule aliyeolewa na mtu wa bima?"

"Hajambo. Aliachika."

"Pole. Na yule wa bima hajambo?"

"Mama!" Bi Nyanzala akapiga kelele. "Mwache aseme!"

Bibi akamtazama bintiye kwa mshangao, kisha akatutazama sote, kututaka ushahidi. "Aseme nini na hajakaa? Nyumba yangu imekuwa kituo cha polisi, mtu atoe maelezo amesimama?"

Watu wakanong'ona kwamba Bibi ana haki. Kweli, mgeni hasemi amesimama. Kiti kikaletwa. Na hapa nawaomba msimlaumu Bibi peke yake, maana Daktari Hiza, msomi, mtu aliyeiona mvua ile kwenye mitambo yote ya nchi, alikaa.

Akaletewa maji ya kunywa. Akanywa. Akaletewa ya kunawa, maana mgeni hatoi habari na njaa. Akanawa. Alinawa kwa pupa mpaka maji yakamrukia mzee wa kahawa, nasi tukasema maskini, njaa ya safari. Sahani ya muhogo ikawekwa mbele yake. Kitwana akamtania, "Kula, Daktari, redioni hawakupi kitu, sauti imekonda!" Hiza akatafuna. Machozi yalikuwa yanamtoka, anatafuna.

Bi Nyanzala akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika magoti.

"Hiza. Nimekupikia miaka minne. Nipe neno moja tu. Yanakuja?"

Akaangalia wazee waliomzunguka. Akaangalia Bibi, ambaye alikuwa anangoja kwa adabu zake zote, mkono shavuni. Nikaona kinywa chake kinahangaika kama mlango uliovimba kwa mvua. Kikafunguka, na kilichotoka, jamani, kikawa: "Hali ya hewa ni njema..."

"Ndiyo," tukaitika.

"...ila..."

Maji hayakupiga hodi. Yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapitia jikoni, yakaibeba sufuria ya uji na kuku wawili, yakapita ukumbini yakielekea mlango wa mbele, na yalipofika barazani yalikuwa yameshafika kwenye mapaja. Daktari Hiza alinyoosha kidole, muhogo bado mkononi.

"Nilikuja kuwapa habari za huyo," akasema.

* * *

Wengi walikimbilia njia ya mlimani. Njia haikuwepo. Kitwana aling'oa mlango wa chumba chake, tukamfunga Bibi juu yake kwa kanga mbili, Hiza akisukuma kutoka chini, mimi na Bi Nyanzala tukivuta kutoka juu, tukampandisha kwenye bati kama tunaanika karanga. Mlimani tuliuona ukumbi wote, na kufuli lake linang'aa kwa jua. Usiku uliofuata sitausimulia. Asubuhi, waliokuwa juu ya bati walikuwa wachache kuliko waliomkaribisha Hiza.

Maji yalikuwa yameacha kupanda, sasa yanakula. Ukuta wa udongo ukikaa ndani ya maji hulainika kama mkate ndani ya chai, na tulikuwa tunausikia, vipande vinadondoka ndani, pwaa, kimya, pwaa. Bibi Mwantumu alikuwa wa baridi. Midomo imepauka, pumzi inakuja kwa hatua. Bi Nyanzala alikuwa amemlalia kifuani kumpa joto, anamwambia, "Mama, watakuja. Wataleta boti. Utatangulia wewe."

Na walikuja, tusiwasingizie. Tulisikia injini, kisha tukaiona: boti nyeupe ya serikali, Mheshimiwa Ngalupa amesimama katikati, koti la kuokolea limefungwa juu ya suti, kipaza sauti mkononi, karani wake nyuma. Boti ilikuwa na nafasi tupu kutoka mbele hadi nyuma. Ikazima injini, ikaelea mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona tai yake ilikuwa na doa la chai.

Mheshimiwa akatafuta mkubwa wetu ni nani. Akamwona.

"Shikamoo Bibi!"

Bibi hakuwa amesema neno tangu alfajiri. Aliposikia shikamoo akafumbua macho. Nikaona anakusanya nguvu kutoka pembe zote za mwili ule, mpaka shingo ikainuka kutoka kwenye mlango.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Bibi. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mmeamkaje?"

"Salama. Tunamshukuru Mungu."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

Mkubwa anapojibu salamu humkatizi, hata Bi Nyanzala alikuwa ameuma mdomo, macho yake yamemkazia mama yake, anangoja kile kinachofuata. Tulikuwa tunakingoja wote. Bibi akavuta pumzi ya kulisema. Pumzi ikaja nusu, ikarudi. Akajaribu tena. Alikuwa ametumia yote kwenye salamu.

Mheshimiwa alisubiri, mtu wa adabu. Alipoona kimya, akamgeukia karani. "Hapa wazima. Wanamshukuru Mungu."

"Mheshimiwa!" Daktari Hiza akaruka kusimama, bati likalia. Nikasema afadhali, huyu ni mwenzao, watamsikia. Hiza akajiweka sawa, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mkuu wa Bonde, ndugu Karani, Waheshimiwa mliomo kwenye boti na msiokuwemo, mabibi na..."

Injini ikawaka.

"Ila!" Bi Nyanzala akapiga ukelele uliowarusha ndege wote waliokuwa kwenye mapaa. "Ila! Ila! Ila!" Alikuwa anapunga mikono yote miwili. Kitwana akavua shati akapunga. Mimi nikapunga. Mheshimiwa akageuka, akatuona, uso wake ukafunguka kwa furaha, naye akapunga.

"Asanteni! Nasi tunawapenda!" kikasema kipaza sauti. Boti ikakata kona, ikaelekea paa la jirani. Wimbi lake likaja, likapiga nyumba.

"Kijana yule ana adabu," Bibi akanong'ona. "Ameniamkia mbele za watu."

Bi Nyanzala alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye bati, anausikiliza ukuta. Kisha akaushika ule mlango kwa mikono miwili, akatuambia, bila kututaja, bila tafadhali:

"Shikeni."

Tukashika. Ukuta wa upande wa Bibi ndio uliotangulia.